Ndege ya Kuchorwa na Masikio ya Nishimwe

9 mwezi wa kenda

Kaye hii ya kuandikia nimepewa leo asubui ku santé, penye tunatibiwa. Infirmière Muhawenimana aliniambia: "Mama Nishimwe, kila siku utamwita mutoto kwa nyuma, asikuone. Kama amegeuka, andika amegeuka. Kama hakugeuka, andika hakugeuka. Basi. Usinitungie hadisi." Nilimuuliza kama naweza kuandika na mambo mengine kidogo. Alicheka. "Karatasi ni yako. Ila uongo usiandike."

Basi niandike. Mimi ni Libérata, miaka makumi mbili na mbili. Nilisoma mpaka ya tano primaire, kisha vita ikafunga masomo. Bwana yangu Habineza ni motari, dereva wa pikipiki, anapeleka fromage, jibini ya huku, na viazi mpaka Pinga, anarudia na mawese. Tunaishi kwa baba yake, Papa Kanamugire, huku juu ku malisho ya ng'ombe. Mutoto wetu ni mumoja, Nishimwe, miaka ine na nusu. Mu mwezi wa tano alishikwa na mugiga, ule ugonjwa wa kukaza shingo. Mungu alituachia yeye. Lakini tangu siku yenye aliamuka, ukimwita hageuki. Alikuwa na maneno mengi, mpaka babu yake alikuwa anamwita radio. Sasa amebaki na "mama" na "maziwa", na "maziwa" imeanza kuharibika mu kinywa.

Muhawenimana anasema kuko watoto wenye masikio inarudia kidogo kidogo. Tarehe 25 ya mwezi wa kumi na moja, Sista mwenye anashugulika na watoto viziwi atapanda kutoka Goma. Mu masomo yao kuko nafasi moja tu, moja kwa Masisi na Walikale yote. Jina ya Nishimwe njo ya kwanza ku liste. "Lakini kama anasikia, nafasi itaenda kwa mwingine. Njo maana ninataka ukweli."

Nilisema ndiyo. Mu roho nilisema: hatutaihitaji.

Nimemwita mara tano. Hakugeuka.

10

Hakugeuka.

11

Hakugeuka. Mvua.

14

Radi ilipasuka karibu sana. Mbuzi ilikata kamba, Papa Kanamugire akamwanga chai ku magoti. Nishimwe alikuwa anapanga maharagi yake mustari mumoja juu ya mukeka. Hakuacha hata haragi moja.

Hakugeuka.

21, siku ya yenga

Leo tulienda kuona filme kwa Papa Bayingana. Nyumba yake ya ciné ni ya mbao, iko nyuma ya soko. Zamani alikuwa anaonyesha filme za vita na za mupira, lakini barabara ya Goma imefungwa na kitu mupya hakifike. Binamu yake mwenye kutengeneza simu alimupatia flash yenye filme za zamani sana, nyeupe na nyeusi, fupi fupi, za nyimbo tupu. Wanaume hawazitaki. Basi siku ya yenga, kisha misa, anaingiza bamama na batoto bure. Anasema ni zawadi ju maziwa yenye tunamuuzia hatuweke maji. Wamama wawili waliangalia chini.

Sijawahi kuona filme kama zile. Muntu ni muntu kweli, na nyama na mifupa, lakini vitu vyenye vinamuzunguka ni vya kuchorwa, na vinatembea. Kulikuwa muzungu mumoja munene, amefunga kitambaa mu shingo, anapiga piano na anaimba. Kila anapogusa, ile meno ya piano inatoka inakuwa kuku wa kuchorwa, wanashuka mustari wanaenda zao. Yeye anaimba tu.

Papa Bayingana anashika mikro na kutufasiria. Kizungu chenye wanaimba hakijue hata kidogo. "Anasema: enyi kuku zangu, nani amewafungulia mulango?"

Mama mumoja akauliza: "Papa Bayingana, ule muntu anaona kuku ao hawaone?"

"Anawaona. Ila ni mukubwa, hataki kushangaa mbele ya bantu."

Tulicheka mpaka mbao za nyumba zikalia.

Kisha ikakuja ingine. Mwanamuke wa kweli, na robe ndefu, anaimba pembeni. Chini kunapita maneno ya wimbo, na ndege mudogo wa kuchorwa anaruka kutoka neno moja mpaka lingine, anakanyaga kila neno wakati linaimbwa. Ku neno refu anakaa, anatingisha mukia. Ku mwisho wa mustari anaruka juu sana, anashuka ku mustari mupya. Nyumba yote iliimba naye, maneno yenye hakuna mwenye aliyajua. Nishimwe alikuwa ku magoti yangu. Nikasikia kitu ku mupaja wangu. Mguu wake. Ulikuwa unapiga: pa, pa, pa, halafu unaruka. Pa, pa, pa, halafu unaruka. Pamoja na wimbo, bila kukosa. Nilishika ule mguu mu mukono wangu ju nijue kama ni kweli. Ulikuwa unapiga mu mukono.

Niandike na hii. Mbele kabisa alikaa Verdiane, ule kiziwi wa fromagerie, penye wanatengeneza fromage, juu ya bido tupu ya mafuta. Ni mwanamuke mukubwa, na hajue sauti yake iko kubwa namna gani. Alikuwa anacheka kama ng'ombe yenye imepoteza ndama. Watoto walimutupia maganda. Aligeuka, akamuona Nishimwe, akamupungia mukono na kufanya vidole vyake sijui namna gani. Mimi nikamushika Nishimwe ku shavu, nikageuza uso wake upande mwingine. Sikutaka amuangalie.

Nimemwita tukifika nyumbani. Hakugeuka. Lakini mguu wake ulisikia.

22

Amegeuka. (Nilikuwa ninafunga mulango.)

23

Hakugeuka.

28, siku ya yenga

Papa Kanamugire alitaka naye aone hizo filme zenye ninasema kila siku. Alivaa kofia na akashika fimbo yake. Bahati mubaya ikawa ya ng'ombe: musichana wa kweli na ndoo ya kweli, na ng'ombe ya kuchorwa yenye ilisimama kwa miguu mbili, ikamushika kiuno, wakacheza.

Papa Kanamugire akasimama. "Bayingana! Zima hiyo!"

"Papa, ni muchezo tu."

"Ng'ombe haisimame kwa miguu mbili. Na kama imesimama, haimushike kiuno muntu mwenye anaikamua. Wewe baba yako alilima maharagi, hauwezi kuelewa."

"Papa Kanamugire, baba yangu alilima maharagi yenye ng'ombe zako zilikula!"

Watu walianguka kwa kicheko. Muzee alitoka, lakini nilimuona amesimama inje, jicho lake ku tundu ya ubao, mpaka ng'ombe ilimaliza kucheza.

Ndege alirudia. Mguu wa Nishimwe pia. Amegeuka? Ninaandika: amegeuka kidogo.

5 mwezi wa kumi

Bwana Yesu asifiwe! Leo nilikuwa ninasuka maziwa mu kisabo, kile kibuyu kikubwa chenye tunatingisha ku magoti mpaka siagi ipatikane. Mwenye kusuka anasikiliza. Maziwa inasema chwa chwa chwa, halafu siagi ikikuja sauti inakuwa nzito, inasema dum. Ukipitisha pale, siagi inaharibika. Njo maana wakati wa kusuka hatuongee.

Nishimwe alikaa karibu yangu, ameegemea kisabo kwa mikono mbili. Nilisuka, nilisuka. Mara akainua mukono juu, akaniangalia, akasema: "Mama." Na pale pale sauti ikakuwa nzito. Siagi! Alijua mbele yangu!

Nilimubeba, nikazunguka naye kiwanja yote. Papa Kanamugire alikuwa anatengeneza kamba. Nikamwambia: "Papa, amesikia siagi!" Aliniangalia sana, akamuangalia mutoto, akarudi ku kamba yake. Hata neno. Hata "aksanti Mungu". Muzee huyu, ng'ombe zake anajua mpaka majina ya bibi zao, lakini mujukuu wake hana habari naye.

Amegeuka. Amegeuka. Amegeuka.

12 mwezi wa kumi

Rezo ya simu ilipatikana ku kilima. Habineza alipiga simu kutoka Pinga, barabara ni matope mpaka ku kiti ya pikipiki, hajue atarudi siku gani. Nikamwambia habari ya mguu na ya siagi. Nikaona labda rezo imekatika.

"Libérata, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mupatie simu. Mupatie sasa."

Niliweka simu ku sikio ya Nishimwe. Habineza akasema kwa nguvu, mpaka mimi nilisikia yote: "Nishimwe wa papa! Papa ameona samaki mukubwa mutoni, atakuletea! Nishimwe, ni papa!" Mutoto akainua mabega, akacheka, akasukuma simu ikae muzuri zaidi ku sikio.

"Anacheka!" Habineza akasema. "Nimemusikia anacheka!" Halafu mwanaume yule akalia, kule Pinga, mbele ya motari wenzake. Niliwasikia wanamuuliza nani amekufa.

Amegeuka.

13 mpaka 18

Amegeuka mara mbili. Siku zingine nilisahau kumwita.

26 mwezi wa kumi

Filme ya kikombe cha kuchorwa chenye kinakimbia mwanamuke wa kweli mu jikoni. Papa Bayingana: "Anasema: kimbia tu, utachoka, chai ni moja."

Verdiane alikuwa tena mbele. Sielewe kwa nini anakuja ku filme za nyimbo. Niliambia mama mwenye tulikaa naye, akajibu: "Hata kipofu anaenda ku ndoa."

Habineza anapiga simu kila siku ya yenga. Dakika mbili ni zangu, zingine za mutoto.

2 mwezi wa kumi na moja

Risasi tangu asubui, upande wa chini. Tulipandisha ng'ombe juu zaidi. Nilikuwa mbele, Nishimwe nyuma yangu anashika kikwembe changu cha kiuno. Kuko ng'ombe-dume moja mubaya, ilikuja inakimbia kutoka nyuma. Nikapiga kelele: "Nishimwe, toka!" Hakutoka. Papa Kanamugire alimurukia, akamuvuta na mukono moja kama gunia, wakaanguka wote mu matope.

Alisimama akaniambia: "Usimuache nyuma ya ng'ombe tena. Huyu anatembea mbele, penye anaona."

Nilikasirika. Nilisema: "Papa, alikuwa na woga. Woga inafunga masikio." Alianza kumupangusa mutoto matope.

Sikuandika kitu kwa ajili ya kumwita. Kulikuwa kelele nyingi.

16

Mvua siku tisa. Amegeuka.

25 mwezi wa kumi na moja

Leo njo siku yenyewe. Nilimuvalisha robe ya kijani, nikamupaka mafuta. Sista alifika amelowana, mushipi wa gari yake ulikatika njiani. Mashine yake ya kupima masikio ilibaki Goma, ku barrière ya barabarani walikatalia mizigo. Akasema: "Tutafanya na akili yenye Mungu alitupatia."

Ku banc kulikaa mama mumoja kutoka Buleusa na mutoto wake mwanamuke, miaka saba, kichwa kimenyolewa. Walitembea siku tatu. Jina yao ilikuwa ya pili ku liste.

Sista alimukalisha Nishimwe chini, akapita nyuma yake, akaangusha mukebe wa maziwa ya unga juu ya mbao. Santé yetu sakafu ni mbao tupu, paka akipita inatingishika. Nishimwe akageuka, pap!

Sista akachukua kaye hii. Alisoma kurasa zote, polepole, pamoja na Muhawenimana. Nilikuwa na haya kwa yale nimeandika juu ya Papa Kanamugire.

"Mwezi wa kenda hageuki," Sista akasema. "Ku mwisho wake anaanza kugeuka. Anapiga mguu na muziki. Anasikia siagi. Mama, mimi nimemuona dakika kumi. Wewe umemuzaa. Niandike nini?"

Muhawenimana akaniangalia. "Libérata, uko hakika? Tunaweza kumuacha ku liste."

Nilimuona ule mutoto wa Buleusa, anaangalia vinywa vyetu moja moja. Nikajisikia tajiri.

"Andika anasikia," nikasema.

Sista alipiga mustari juu ya jina ya Nishimwe. Mama wa Buleusa akapiga magoti mbele yangu, akanishika miguu. Nikamwambia simama, dada, hata mimi ni muzazi.

Kesho asubui gari inashuka nao Goma.

30 mwezi wa kumi na moja, siku ya yenga

Nitaandika yote.

Jua haijaonekana siku ine, na batri ya bafle ya Papa Bayingana, penye sauti inatokea, ilikuwa imechoka. Batri ya picha ilikuwa muzima. Tulikaa. Walipita kuku wa piano. Halafu mwanamuke wa robe ndefu, na maneno, na ndege. Tulianza kuimba. Mu mustari wa pili bafle ikafanya krrr, ikakufa. Picha ikabaki.

Watu walilalamika. "Rudisha sauti!" Papa Bayingana akasema: "Imbeni wenyewe, wimbo munaujua!" Lakini hakuna mwenye aliimba. Ukiondoa sauti, unaona tu mwanamuke anafungua kinywa na kukifunga, na ni huzuni. Nyumba ikakuwa kimya. Kulibaki mvua tu juu ya mabati.

Na mguu wa Nishimwe ku mupaja wangu. Pa, pa, pa, halafu unaruka.

Nilisema: anaukumbuka wimbo. Ameusikia mara nyingi, anaukumbuka mu kichwa. Nilisema hivyo mara mbili, na nilikuwa ninajua ninajidanganya. Nikaweka mukono wangu juu ya macho yake.

Mguu ukasimama.

Nikatoa mukono. Ndege alikuwa amefika ku neno refu, amekaa, anatingisha mukia. Mguu ulingoja. Ndege akaruka, mguu ukaruka. Nikafunika tena. Ukasimama. Nishimwe alisukuma mukono wangu, alikuwa anakasirika, ninamuharibia filme.

Nikainua uso. Mbele, juu ya bido, bega ya Verdiane ilikuwa inapanda na kushuka. Pa, pa, pa, halafu inaruka. Nyumba yote imenyamaza, imekasirika, na wale wawili tu, mukubwa na mudogo, wanaendelea mu furaha yao, sababu kwao hakuna kitu chenye kilikuwa kimepotea.

Nilitoka naye mu mvua. Nyumbani nilichukua kisabo, nikamukalisha mbali, penye hawezi kukigusa. Nilisuka. Sauti ikakuwa nzito. Alikuwa ananiangalia tu. Nikaendelea kusuka. Siagi iliharibika yote, na aliniangalia mpaka mwisho, anangoja nimuite akuje kuweka mikono.

1 mwezi wa kumi na mbili

Nilikimbia mpaka ku santé. Muhawenimana hakunigombeza, afazali angenigombeza. Mutoto wa Buleusa amefika Goma, ameandikwa. Kisha gari kupita, barabara ikafungwa tena. Nafasi ingine labda mwaka ujao, labda ule wa kufuata.

"Nilikuambia usiandike uongo," akasema polepole.

"Sikuandika uongo. Niliandika chenye nilikuwa ninaona."

Akagonga sakafu na kisigino, ikatingishika, akasema: "Hata mimi. Nilisahau ile mbao." Tulikaa ku banc. Nikamuuliza kama Nishimwe atakuwa kama Verdiane. Alishangaa.

"Verdiane? Verdiane alisoma miaka sita, kule kule kwa wasista. Anajua kuandika kushinda mimi. Anajua luga ya mikono. Hamukujua?"

"Nani angetuambia?"

"Muulizeni yeye," akasema. "Miaka yote hiyo hakuna mwenye alimuuliza."

3

Nilikaa karibu na zizi. Papa Kanamugire alikuja, akakaa juu ya jiwe.

"Mu mwezi wa saba," akasema, "nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake mara kumi. Nilipiga filimbi. Nilileta ng'ombe ya kengele. Nikajua."

"Tangu mwezi wa saba? Na ukanyamaza?"

"Halafu ukaanza kucheka, mwanangu. Mu nyumba hii hakuna mwenye alikuwa amecheka tangu mugiga. Nilisema, mimi ni nani nikunyang'anye." Alipangusa macho na mukono wa koti. "Nilikosa. Kama ningesema, angekuwa Goma."

Nilikuwa nimeandika mu kaye hii kwamba hana habari na mujukuu wake. Kumbe zile siku zote alikuwa anamufundisha kutembea mbele ya ng'ombe.

7, siku ya yenga

Hatukuenda ku filme. Habineza alipiga simu.

"Mupatie simu."

"Habineza, ngoja."

"Mupatie kwanza, unité ya simu inaisha, nimupigie hadisi ya samaki."

"Hasikie."

"Rezo mubaya?"

"Hapana. Yeye. Hasikie. Hakusikia hata siku moja. Nilikosea, bwana yangu, unisamehe. Na nafasi ya masomo niliiachilia."

Nilisikia pikipiki za watu zinapita kule. Halafu akauliza: "Na mambo yote nilimwambia, siku zote hizi za yenga?"

"Hakusikia."

"Na nani alikuwa anacheka?"

"Ni yeye. Unapoongea kwa nguvu simu inatetemeka. Ilikuwa inamutekenya ku sikio."

Akasema: "Basi uiweke tu. Angalau acheke."

Niliiweka. Akaongea, sijui nini, safari hii sikusikiliza. Mutoto aliinua mabega.

10

Nilienda ku fromagerie. Verdiane alikuwa peke yake, anaosha fromage na maji ya chumvi, anazigeuza moja moja juu ya mbao. Nilimuonyesha Nishimwe, nikagusa sikio yake, nikatingisha kichwa. Nikaonyesha mikono yake yeye Verdiane, nikaonyesha Nishimwe. Fundisha. Utufundishe.

Aliniangalia. Halafu akainua mukono wenye maji, akauweka ku shavu yake mwenyewe, na akageuza uso wake upande. Polepole. Namna ile ile nilifanya siku ile ku filme.

Alikuwa ameona. Tangu mwezi wa kenda alikuwa nayo mu roho.

Akarudi ku fromage zake. Nilisimama, kisha nikaondoka. Njiani Nishimwe alikuwa anajaribu kufanya ile ishara, anageuza uso wake na mukono na kunicheka. Aliona ni muchezo. Nililia mpaka ku kilima.

13

Sikulala muzuri siku tatu. Leo nilirudi na siagi mu jani ya mugomba. Verdiane hakuangalia siagi. Niliweka Nishimwe chini. Nikaweka mukono ku shavu yangu, nikageuza uso. Nikajipiga ku kifua. Nikafanya tena: nimegeuza, ni mimi, ni mubaya. Sikujua namna ya kusema samahani bila kinywa. Nilikuwa na jasho.

Alicheka ile kicheko yake kubwa. Sijui kama alinisamehe ao alikuwa ananicheka. Akanitupia kitambaa, akanionyesha mbao ya fromage, na maji ya chumvi. Nioshe.

Nimeosha fromage makumi ine. Mikono inaniwaka. Wakati wote huo alikaa na Nishimwe ku mulango, na mimi nilikuwa ninaona migongo yao tu.

15

Niliosha fromage.

16

Niliosha. Muhawenimana amenitumia habari: ku liste mupya jina ya Nishimwe ni ya kwanza, na safari hii ameandika na wino. Papa Kanamugire anasema yeye atamupeleka mwenyewe mpaka Goma, hata kwa miguu. Miaka yake makumi saba na mbili.

18 mwezi wa kumi na mbili

Mvua ilinyamaza leo. Verdiane alifungua madirisha yote ya fromagerie. Nilikuwa ninageuza fromage ya juu kabisa wakati walianza kucheka, wote wawili kwa mara moja. Vidole vya Verdiane vilikuwa vinaenda mbio, vya Nishimwe vinajibu, vinakosea, vinarudia. Miezi saba sijamuona mutoto wangu anajibu muntu. Anajibu! Na uso wake umejaa, kama zamani wakati tulikuwa tunamuomba anyamaze kidogo.

Sikujua wanachekea nini. Labda mimi, nilikuwa na chumvi ku pua. Niliangalia mukono wa moja, niliangalia wa mwingine, sikushika hata neno. Nikakumbuka namna alikuwa ananiangalia kinywa siku zile zote, na mimi ninaita tu, ninaita.

Nishimwe akaniona. Akafanya kitu na mukono wake wa kuume, haraka, karibu na kidevu, akasimama akingoja. Ni swali, niliona ni swali, nyusi zake zilikuwa juu. Nikainua mikono yangu mitupu.

Verdiane akapangusa mikono yake ku tablier ya kazi. Akanivuta nikae chini ku sakafu pamoja nao, akashika mukono wangu, akaanza kunikunja vidole, kimoja kimoja.